Mini ya zamani ikifunga magurudumu ya nyuma: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Mvua za masika zikianza tu, swali huwa ni lile lile: "Nikikanyaga breki nyuma inafunga, gari linataka kugeuka. Ninunue nini?" Usinunue kitu bado. Mini ile ya Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia 1959 hadi 2000, ina breki rahisi kuelewa, na karibu kila kinachofanya nyuma ifunge unaweza kukiona kwa macho au kukihisi kwa mkono ukienda kwa utaratibu. Wengi huanzia mwisho. Wanatia viatu vipya vya breki (vile vipande vinavyobana ili gurudumu lisimame), sili (mpira wa kuzuia mafuta) inayovuja inavilowesha, na baada ya wiki chache wako pale pale na pesa imekwenda.

Mwongozo huu ni wa Mini yenye dramu nyuma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, viatu vikiwa ndani yake), mbele iwe na dramu au diski. Mwenye Datsun 1200 au Morris Minor anaweza kuufuata vilevile, ila akumbuke kwamba gari lake linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivyo ndani ya dramu anaweza kukuta oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma). Mini haina difu nyuma. Ukikuta unyevu mle ndani, ni mafuta ya breki au ni grisi ya beringi.

Kwa nini tusilipuuze? Magurudumu ya mbele yakifunga, gari huteleza likiwa limenyooka hata kama usukani haulitii. Ya nyuma yakitangulia kufunga, mkia unataka kupita mbele. Injini ya Mini iko mbele na nyuma ni kwepesi, na ukikanyaga breki uzito unazidi kuhamia mbele, nyuma panabaki na mshiko mdogo kabisa. Tuktuk ikikukatia ghafla Barabara ya Digo hapa Mombasa lami ikiwa imelowa, hutakuwa na nafasi ya kulirudisha.

Na hili nalisema mapema kwa sababu nimeliona mara nyingi na linaniuma: usikubali fundi akuzibie paipu ya nyuma au aibane kwa koleo ili "nyuma ipungue nguvu". Gari litaacha kufunga nyuma, ni kweli, lakini litachukua masafa marefu zaidi kusimama, na siku mbele ikivuja hutakuwa na kitu.

Kwanza jua ni ugonjwa gani

Watu huita yote "breki inashika", lakini ni mambo matatu.

Kufunga: gari liko mwendoni, unakanyaga, gurudumu linasimama kabisa na tairi linaburuzwa. Ukiachia pedali linazunguka tena.

Kunata: umeachia pedali lakini breki haijaachia. Gari linakuwa zito, dramu inachemka, harufu ya kuungua inaingia ndani.

Kushikwa na kutu: gari limelala handbreki ikiwa juu, asubuhi halitoki, halafu linaachia kwa mshindo mmoja. Hili ni letu sisi watu wa pwani. Hewa ya chumvi na unyevu wa usiku vinatosha kugandisha kiatu kwenye dramu, hasa kama uliosha gari jioni au ulipita kwenye maji. Likitokea mara moja moja, acha kulaza gari na handbreki mahali pa tambarare; tia gia na uweke mawe kwenye magurudumu. Likitokea kila asubuhi, endelea na hatua zilizo hapa chini.

Kumbuka kwamba gurudumu linalonata ndilo litakalotangulia kufunga ukigusa pedali. Kwa hivyo ukikuta kunata, tibu hilo kwanza.

Vitu vya kuandaa

- Jeki na stendi mbili imara. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya bloku hayafai: hupasuka bila kukuonya.
- Mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu.
- Spana ya nati za magurudumu, spana za kawaida za inchi (Mini nyingi hazipokei za milimita), na spana ya pembe nne ya adjasta za breki (skrubu za kusogeza viatu karibu na dramu). Usitumie koleo kwenye adjasta. Utaila pembe zake na hapo ndipo shida itaanza.
- Bisibisi, nyundo, brashi ya waya, msasa, dawa ya kulegeza kutu.
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa, kwa ajili ya kutoa hewa kwenye mafuta ya breki.
- Mafuta ya breki mapya ya DOT 4, chupa ambayo haijafunguliwa. Haya hunywa maji kutoka hewani. Yakiwa makavu ni lazima yahimili angalau nyuzi 230 bila kuchemka. Yakishakunywa maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwa unyevu wa Mombasa, chupa iliyokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka jana itupe.
- Barakoa, glavu, ndoo ya maji na matambara.
- Chaki.
- Mtu wa kukukanyagia pedali.

Kuhusu barakoa, si pambo. Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Ukifungua dramu usipulize, iwe kwa mdomo au kwa kompresa. Lowesha, futa kwa tambara lililolowa, tia tambara kwenye mfuko na ufunge.

Hatua kwa hatua

1. Chora mstari mnene wa chaki ubavuni mwa kila tairi, kutoka rimu hadi ukingo. Tafuta mahali pakavu, tambarare, pasipo watu wala magari, kama uwanja mpana wa maegesho Jumapili alfajiri. Daraja la Nyali si mahali pa majaribio, wala Makupa. Msaidizi asimame kando, mbali na njia ya gari. Endesha kama kilomita 30 kwa saa, kanyaga pedali polepole ukiongeza nguvu, na yeye aangalie mistari. Ukiona mstari umesimama huku gari bado linakwenda, gurudumu hilo limefunga. Rudia upande wa pili. Andika ni lipi lilitangulia: la kushoto, la kulia, au yote mawili kwa pamoja. Jibu hili ndilo litakaloongoza kazi yote. Moja likifunga peke yake, tatizo liko ndani ya dramu ile au kwenye waya wa handbreki upande ule. Yakifunga yote mawili, shuku breki za mbele, valvu ya presha (inayozuia presha ya nyuma isizidi), au silinda za magurudumu (zinazosukuma viatu) za saizi isiyo yake.

2. Angalia tairi kabla hujagusa breki. Tairi iliyokauka haishiki lami, na breki nzima kabisa itaonekana imeharibika. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mini nyingi hapa hutembea kidogo, kwa hivyo tairi inaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira umekuwa mgumu kwa uzee na jua. Hakikisha pia upepo uko sawa kushoto na kulia, kwa kiwango cha kitabu cha gari.

3. Pima breki za mbele. Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo jibu lilipo mara nyingi. Mbele ikiwa dhaifu, wewe bila kujua unakanyaga kwa nguvu zaidi ili gari lisimame. Presha inapanda, na nyuma inafunga kwa sababu ndiyo pekee inayofanya kazi. Inua mbele, weka stendi, toa gia. Msaidizi akanyage pedali kwa nguvu ya kawaida, wewe jaribu kuzungusha kila gurudumu. Akiachia, lizunguke. Kama ni diski, tazama pistoni za kalipa (kibanio cha diski): zenye kutu kwenye shingo huganda. Kama ni dramu, hakikisha viatu vimekazwa ipasavyo kwa adjasta zake na havijalowa. Usiende nyuma mpaka mbele iwe nzima.

4. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, tia gia, shusha handbreki, inua nyuma, weka stendi. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Kwa kuwa nyuma ya Mini haisukumwi na injini, gurudumu linatakiwa lizunguke kwa ulaini. Msuguano kidogo wa kiatu unaruhusiwa, kuburuza hakuruhusiwi. Sasa msaidizi aguse pedali kwa wepesi kabisa, kama anayekanyaga yai, nawe uzungushe huku na huku. Linaloshika mapema kuliko mwenzake ndilo la kufunguliwa kwanza.

5. Kama gurudumu linanata, fanya jaribio la nipo. Vesha mpira kwenye nipo ya kutolea hewa (skrubu ndogo yenye tundu) nyuma ya gurudumu, ncha nyingine itumbukie kwenye chupa, kisha legeza nipo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kulikuwa na presha iliyofungiwa: hosi ya mpira imevimba ndani, au masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) hairudishi mafuta. Gurudumu lisipoachia, shida ni ya chuma: waya wa handbreki, springi, kiatu, au pistoni iliyoganda. Jaribio hili dogo linaondoa nusu ya kubahatisha. Hosi iliyovimba ndani inaweza kuonekana nzuri kwa nje. Mafuta yanapita ukikanyaga kwa nguvu lakini hayarudi. Haisafishwi wala haitobolewi kwa waya. Badilisha zote mbili za nyuma kwa pamoja.

6. Fuata waya wa handbreki kwa macho na kwa mkono. Chini ya Mini, waya unapita kwenye kipande cha chuma chenye umbo la robo duara juu ya kila mkono wa saspensheni. Kipande hicho kinatakiwa kigeuke. Kwa hewa ya hapa huganda kwa kutu, na waya unabaki umevutwa hata handbreki ikiwa chini. Tia dawa ya kulegeza, kichezeshe huku na huku mpaka kigeuke kwa kidole, kisha kipake grisi. Msaidizi apandishe na kushusha handbreki. Kishikizo kilicho nyuma ya kila gurudumu kirudi chenyewe hadi mwisho. Kosa linalorudiwa sana ni kukaza waya ili kufidia viatu vilivyoisha. Matokeo yake viatu vinakaa vimefunguka kidogo muda wote.

7. Fungua dramu. Toa gurudumu, legeza adjasta, toa skrubu mbili zinazoshika dramu. Skrubu hizi hupenda kuganda; tia dawa, subiri, tumia bisibisi iliyokaa sawasawa kwenye kichwa chake. Gonga dramu pembezoni kwa nyundo ndogo ukiizungusha. Usichokonoe kwa bisibisi kutoka nyuma, utapinda bamba la chuma lililo nyuma ya dramu.

8. Sasa tazama bila haraka, kabla hujafuta kitu. Lainingi (tabaka la kiatu linalosugua dramu) ikiwa nzima ina rangi moja, kavu, yenye kufifia. Lainingi iliyolowa ina doa jeusi linalong'aa, na mara nyingi doa hilo lina mpaka unaoonekana, likianzia upande mafuta yalikotoka. Wengi hudhani mafuta siku zote hufanya breki iteleze. Yakiwa mengi, naam. Yakiwa kidogo, lainingi inakuwa ya kunatanata na inaidaka dramu ghafla ukigusa tu pedali. Ndiyo maana uvujaji mdogo unaweza kufunga gurudumu.

   Vuta kidogo mpira wa vumbi ulio kwenye mwisho wa silinda. Ndani pawe pakavu. Kukiwa na maji maji, sili imeisha. Kuyatambua ni rahisi: mafuta ya breki ni mepesi na maji huyaosha, grisi ya beringi ni nzito, ya kahawia au nyeusi, na maji huikimbia. Mafuta ya breki maana yake silinda. Grisi maana yake sili ya beringi, na beringi yenyewe ikaguliwe.

   Lainingi iliyolowa haiokolewi. Wapo wanaoichoma kwa moto au kuiosha kwa petroli. Juu hukauka, halafu joto la breki linayavuta mafuta kutoka ndani na tatizo linarudi. Badilisha viatu vya pande zote mbili. Ukitia upande mmoja tu, gari litavuta upande.

9. Kagua silinda yenyewe. Msaidizi akanyage pedali kidogo sana huku wewe umezuia viatu visiruke. Pistoni zitoke, na akiachia zirudi kwa nguvu za springi. Kama pistoni imeganda, nunua silinda nyingine badala ya kuisugua kwa msasa, maana mashimo ya kutu hula sili mpya haraka. Na unaponunua, pima kipenyo. Mini ilitoka na silinda za nyuma za saizi tofauti kulingana na mwaka na aina, na kwa nje zinafanana. Ya inchi robo tatu (milimita 19) ikiwekwa mahali pa ile ya nusu inchi (milimita 12.7), eneo la pistoni linakuwa mara 2.25, na nguvu ya kusukuma viatu inaongezeka vivyo hivyo kwa presha ile ile. Mara nyingi gari lililoanza kufunga nyuma baada ya matengenezo lina silinda kubwa kuliko yake. Saizi sahihi ni ile ya kitabu cha gari lako. Fundi aliyefunga ile ya zamani huenda naye alikosea.

10. Kagua viatu na dramu. Springi ziwe kwenye matundu yake na zisiwe zimelegea. Linganisha upande mmoja na mwingine: viatu vikae kwa mpangilio ule ule, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Kingo za lainingi ziwe zimechongwa kidogo. Ukingo mkali hukwaruza na kudaka. Dramu yenye kutu ndani isafishe kwa msasa. Yenye mitaro au iliyokuwa yai, ambayo hukurudishia mapigo kwenye pedali, ipeleke kwa mchongaji ikachongwe, ila isivuke kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa.

11. Rudisha na kaza kwa mpangilio huu, usiugeuze: viatu kwanza, handbreki baadaye. Paka grisi ya joto kali, kidogo sana, pale kiatu kinapogusa bamba. Isifike kwenye lainingi. Rudisha dramu. Kaza adjasta mpaka gurudumu lisizunguke, kanyaga pedali mara mbili tatu ili viatu vikae katikati, kisha rudisha adjasta kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Fanya upande wa pili sawasawa. Ndipo urekebishe waya wa handbreki.

12. Ukifungua paipu yoyote, toa hewa, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kama gari lako lina mfumo wa njia mbili, fuata mpangilio wa kitabu chake. Mafuta ya breki hula rangi ya gari. Yakimwagika, mwagia maji mengi papo hapo. Na kamwe usiongeze oili ya injini wala ya pawa stering, hata kwa dharura. Huvimbisha sili zote, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho, na hapo mfumo mzima utafunguliwa.

13. Rudi uwanjani na chaki yako. Anza taratibu, kanyaga mara kadhaa kwa wepesi ili viatu vipya vizoee dramu, kisha rudia jaribio la hatua ya kwanza. Mbele itangulie kufunga. Baada ya safari fupi, dondoshea maji kidogo kwenye kila dramu. Maji yakichemka upande mmoja tu, upande huo bado unanata.

Ikiwa bado tatizo lipo

Yote mawili ya nyuma bado yanatangulia, na mbele ni nzima, silinda ni saizi yake, lainingi kavu: sasa valvu ya presha ndiyo mshukiwa. Kazi yake ni kuzuia presha ya nyuma isipande sawa na ya mbele. Kwenye Mini nyingi iko kwenye fremu ndogo ya nyuma. Kwenye nyingine za baadaye iko kwenye chumba cha injini. Kutu ikiingia huganda, na inaweza kuganda ikiwa wazi. Badilisha nzima. Kuwa na subira, kwani nati za paipu zake huvunjika kirahisi. Andaa paipu mpya kabla hujaanza.

Magurudumu yote manne yanabana kadiri gari linavyopata moto, pedali inakuwa ngumu na fupi: legeza kiungo cha paipu kwenye masta silinda. Yakiachia, mafuta hayapati njia ya kurudi kwenye chombo chake. Pedali iwe na uchezaji mdogo kabla haijaanza kusukuma. Isipokuwa nao, fimbo inaishikilia pistoni ndani.

Linafunga asubuhi tu, kwa breki mbili tatu za mwanzo, kisha linatulia: ni unyevu na kutu ya juu juu kwenye dramu. Kausha kwa kukanyaga breki kwa wepesi ukiwa mwendo wa pole, kabla hujaingia barabara kuu. Isipokwisha baada ya hapo, fungua dramu.

Linafunga ukipita kwenye matuta au mashimo tu: angalia shokomzoba. Gurudumu linaloruka halishiki lami, na breki ndogo tu hulisimamisha likiwa hewani.

Upande ule ule unalowa tena baada ya silinda mpya na sili mpya ya beringi: toa silinda uangalie bamba na kiungo cha paipu nyuma yake. Paipu iliyokaa vibaya huvuja taratibu nyuma ya bamba, na mafuta hupenya ndani kupitia tundu la silinda. Futa pakavu, msaidizi ashikilie pedali kwa dakika moja, na upapase kwa tambara jeupe. Mpaka tambara litoke kavu, gari hilo lisishuke kwenda kusubiri feri ya Likoni.